Kilomita 12 za Angani

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka JKIA hadi Wilson, utapata kama kilomita 12 na nusu. Kwa barabara ni kama 15 hadi 18, kutegemea kama umepita Southern Bypass au Nyayo Stadium. Sisi wa Kitengela tunaziona ndege za pande zote mbili: kubwa zikishuka Embakasi, na ndogo za Wilson zikielekea Amboseli, huku kwetu Kajiado.

Viwanja hivi viligawana kazi zamani. Wilson ndio mkongwe, na una jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi 1929. Embakasi ulifunguliwa 1958 ukachukua ndege kubwa. Wilson ukabaki na ndogo, zile za Lamu, Lodwar na mbugani. Kwa hivyo mtu anaweza kutoka ng'ambo, akatua Nairobi, na bado safari yake ikawa haijaanza.

Baba mkwe wangu alifariki Lamu jioni. Mazishi yakapangwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, maana maiti haiwekwi kungoja watu. Shemeji yangu anafanya kazi Doha. Akapata ndege ya usiku. Viti vya Lamu vilivyopatikana, chake na cha dadake, vilikuwa vya Wilson, saa tatu u nusu asubuhi.

Saa kumi na moja alfajiri tulitoka Kitengela. Nikamshusha mke wangu Wilson, nikageuza gari kwenda JKIA. Dakika 25, barabara tupu.

Shemeji alitua saa moja. Mpaka apite uhamiaji na kuchukua begi, ilikuwa saa mbili. Barabara ile ile, lakini sasa Nairobi yote ilikuwa imeamka. Expressway iliyofunguliwa 2022 ina kilomita 27, ila inaenda Westlands. Wa Wilson lazima ashuke akutane na wenzake huku chini. Lori lilikuwa limeharibika mbele. Tukasimama.

Shemeji akaangalia saa. "Doha mpaka hapa ni saa tano tu," akasema. "Sasa hii ni nini?"

Mke wangu akapiga simu. "Mko wapi? Wanafunga. Nipande ama nimngoje?"

Shemeji akaichukua simu mkononi mwangu. "Panda. Mmoja wetu lazima amuone kabla hawajamfunika uso."

Tulifika getini saa tatu na dakika ishirini. Ndege ilikuwa bado pale uwanjani, lakini mlango wa abiria ulikuwa umefungwa. Shemeji alisafiri siku iliyofuata, akalikuta kaburi bichi.

Siku hizi majirani wakiniuliza juu ya kuunganisha ndege, hasa wanaopokea watu wao kutoka Gulf na wale wanaotokea Isinya na Kajiado mjini, siwatajii kilomita. Nawauliza ndege inatua saa ngapi. Ikitua usiku wa manane, nusu saa yatosha barabarani. Ikitua asubuhi ya siku ya kazi, weka saa nne kati ya ndege na ndege, ama ulale Nairobi. Na kama ni msiba, msikubali wote kungojana. Anayeweza kutangulia, atangulie.