Asubuhi Niliyonyamaza

Asubuhi moja mwishoni mwa Machi 2020, mume wangu alikohoa mara tatu akiwa bafuni. Nilikuwa jikoni hapa London, nimetoka zamu ya usiku, napasha chai. Mimi ni muuguzi. Nina stashahada niliyoisomea Mombasa na digrii niliyoipata Uingereza, na kikohozi cha namna ile nilikuwa nimekisikia wodini usiku kucha. Alipotoka nilimgusa shingo kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa ya moto. Nikampa panadol mbili na glasi ya maji. Hakuna aliyesema neno. Akavaa koti lake, akaenda kuendesha basi.

Jambo hili sijawahi kulisimulia. Nalisimulia leo kwa sababu najua wengi wenu mna baba, mume au kaka anayeshika usukani: basi huku Uingereza, teksi Muscat, lori linalotoka bandari ya Mombasa. Kila tunapozungumza jinsi ya kuwakinga wakati wa maradhi ya mlipuko, tunaanza na barakoa na sabuni. Nyumbani kwangu sabuni haikukosekana siku ile. Ujuzi pia haukukosekana.

Kilichokosekana ni pesa za kuugua. Kanuni iliyotangazwa tarehe 16 Machi ilikuwa wazi: mmoja akipata homa au kikohozi kipya, wote wa nyumba ile wajifungie ndani siku 14. Mume wangu angekaa nyumbani, angelipwa malipo ya ugonjwa ya kisheria, takriban pauni 95 kwa wiki. Kodi ya nyumba yetu peke yake ilikuwa mara tatu ya hizo. Mimi nilikuwa nikipata zamu kupitia wakala, na zamu usiyoingia hulipwi. Mombasa kulikuwa na mama na dawa zake za presha. Hesabu hiyo niliimaliza kabla chai haijachemka.

Alifanya kazi siku mbili. Ya tatu alishindwa kupanda ngazi za nyumba yetu. Usiku nilikaa kando ya kitanda na saa ya mkononi, nikihesabu pumzi zake. Nilijiambia zikizidi 25 kwa dakika nitapiga simu ya dharura. Zilifika 24, zikakaa hapo usiku mbili, kisha zikaanza kushuka. Mungu alitustahi.

Lakini dereva wa basi hayuko peke yake. Zamu ikiisha anashuka, mwenzake anapanda, anakaa kwenye kiti ambacho bado kina joto na kushika usukani uleule. Siku zile hakuna aliyekipangusa chumba cha dereva baina ya zamu kwenye njia yao. Yule aliyekuwa akimpokea mume wangu alilazwa wiki mbili baadaye. Alitoka hospitali akiwa hai, ila hakurudi tena kwenye usukani. Kama aliyapata kwa mume wangu, kwa abiria au dukani, hakuna atakayejua. Mume wangu humpigia simu kila Idi. Wanazungumza watoto na mpira.

Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha UCL walichunguza vifo vya madereva wa mabasi wa London. Walikuta kwamba kati ya Machi na Mei 2020 madereva hao walikufa kwa Covid-19 kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wanaume wa umri wao katika kazi zote za Uingereza na Wales. Wengi wa waliokufa walikuwa wameacha kwenda kazini kabla ya amri ya kukaa nyumbani ya tarehe 23 Machi au siku chache baada yake. Maana yake waliambukizwa mapema, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunabishana kama ni mafua.

Kinga zilizokuja hazikuwa za ajabu. Kuanzia tarehe 20 Aprili abiria walipandia mlango wa kati, wakaacha kusimama mbele ya dereva kugusisha kadi. Kile kioo cha kumkinga dereva kilikuwa na matundu ya kuzungumzia, nayo yakazibwa. Ni mlango na matundu tu. Dereva mwenyewe asingeweza kuyaamua, hata awe mwangalifu kiasi gani.

Mwezi wa Mei ikawa zamu ya mdogo wangu. Yeye huendesha lori kutoka Mombasa kwenda Kampala. Alikwama Malaba kwenye foleni ya malori iliyofika makumi ya kilomita, wakisubiri vipimo. Alinipigia usiku. Nami, kama dada mkubwa na muuguzi wa Ulaya, nikamwanzia somo: osha mikono, kaa mbali na wenzako, usivue barakoa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, maji ya kunywa tunanunua. Mama wa chai akituona anafunika sufuria. Niambie, mikono nioshe wapi?"

Nilinyamaza tena. Watu njiani walikuwa wakiwaita madereva wabeba corona, na huku chakula na mafuta ya miji yao yamo ndani ya malori hayo. Baadaye nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kuonyesha matokeo ya dereva kwa simu, mpaka mmoja utambue kipimo cha mwingine. Mdogo wangu anasema bomba moja la maji na choo kwenye foleni ile vingemfaa mapema zaidi.

Sasa nikizungumza na jamaa wanaoendesha magari siwaulizi tena kama wamevaa barakoa. Nawauliza: Ukiugua kesho, utalipwa siku ngapi? Dirisha lako linafunguka? Nani anapangusa usukani kabla hujaushika? Choo na maji viko wapi njiani? Wakikosa jibu, hilo ndilo la kupeleka kwa mwajiri na chama cha wafanyakazi kabla maradhi hayajaja. Yakishakuja, kila mtu atapiga hesabu yake jikoni, kama nilivyopiga mimi.

Mume wangu amehamia kampuni nyingine, inayolipa mshahara kamili mtu akiugua. Majira ya baridi yaliyopita aliamka na homa. Sikuwa nimefika hata kitandani kumgusa, nikamsikia yuko kwenye simu, anamwambia msimamizi wake kwamba leo hatakuja. Nikaenda kumpikia uji.