Nahodha Hakuwa na Habari

Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jabali la Pomonda. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu, ikitengenezwa. Gwendolen ikaanza kuipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Wissmann, Berndt, aliingia kwenye mashua ndogo akaenda kumfokea Rhoades, nahodha wa Gwendolen, rafiki yake wa kunywa naye. Rhoades alishapata taarifa kwamba vita imetangazwa. Berndt hakuwa na habari. Akakamatwa.

Sisi wa milimani Mbinga tunalijua ziwa kwa usipa unaoletwa sokoni. Kisa hiki nilikikuta vitabuni, na kila aliyekiandika amesimama sitahani. Nilipotaka kukifanya hadithi fupi, nikamweka ufukweni binti wa miaka kumi na miwili, anaanika usipa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. “Berndt alishangaa” ilibidi niifute, maana binti hawezi kuuona mshangao wa mtu aliyempa mgongo. “Waingereza” nayo ikaenda. Kwake ni Wazungu tu, wa meli ile na wa meli hii. Hata matusi hayaelewi. Kiswahili cha maboma ya Wajerumani huenda amekisikia, lakini hawa wawili hawagombani kwa Kiswahili. Nilibaki na moshi, maji yanayoruka pale risasi ya mzinga inapokosa shabaha, na mwanamume mmoja anayepiga makasia kuelekea kule kule mlio unakotoka.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa nini najitesa. Bibi zetu wakisimulia huingia moyoni mwa sungura na moyoni mwa fisi jioni hiyo hiyo, na hakuna anayelalamika. Kweli. Ila bibi hana anachomficha msikilizaji. Mimi nina msomaji ambaye tayari anajua mwaka 1914 ni mwaka gani, na nikimweleza tena namharibia. Akimwona Mzungu yule anakwenda mikono mitupu, atajua mwenyewe kinachomsubiri.

Kilichonisumbua zaidi ni sentensi moja tamu: “Hakujua kwamba vita hiyo ingemchukua kaka yake.” Maelfu ya Waafrika walifanywa wapagazi katika vita ile, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Nilitaka hilo liwemo. Ni watu wetu. Lakini anayeisema sentensi hiyo ni nani? Pale ufukweni hayupo. Ni mimi, na kompyuta yangu, karne nzima baadaye.

Nikaifuta. Badala yake kaka yake yupo, amesimama ndani ya maji hadi magotini, anamcheka Mzungu anayefoka. Binti anamwita aje amsaidie kugeuza usipa kabla jua halijashuka.