Kabla ya Kupanda Mti

Ndege za miraa kwenda Somalia ziliposimama Machi 2020, Laare, kwetu Meru, iliumia upesi. Tulikuwa tumeshapigwa Juni 2014, Uingereza ilipopiga marufuku miraa, lakini Mogadishu ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Soko la Nairobi na Mombasa lilibaki, kwa bei ya huruma. Mwenye shamba alikuwa na miti yake. Sisi wachumaji tulikuwa na madeni.

Julai 2022 ndege zikarudi, na mawakala wakaanza kusaka vijana. Nikakusanya wenzangu, nikawa mimi ndiye wa kupatana bei ya kazi kwa niaba yao. Wakala wa kwanza akaniambia, "Kijana, lete watu, tutaelewana mzigo ukifika." Maelewano ya namna hiyo nayajua: mzigo ukishafika, wewe ndiye wa kubembeleza.

Miraa haingoji, baada ya siku mbili hivi nguvu yake imepungua. Usiku wa kuamkia mavuno, mwenye haraka ni wakala, maana ameshaahidi mzigo Eastleigh, Nairobi. Gari likishaondoka, haraka ni yangu. Kwa hiyo nikawa napatana usiku, kwa simu, kabla yeyote hajagusa tawi.

Kabla ya kutaja pesa mimi huuliza, "Mzee, tunahesabu nini?" Bunda ni surba kumi, yaani vifurushi vidogo kumi vya vijiti, sawa, lakini kuna anayelipa mabunda yaliyofungwa shambani na anayelipa yaliyopokewa Nairobi. Kijana amevunja vijiti vibichi, amevipanga kwa urefu, amevifunga kwa majani ya mgomba. Gari likikwama njiani Chuka vikanyauka, hasara inamhusu vipi?

Wakala mmoja aliniambia, "Wenzako wanachukua nusu ya hiyo bei yako."

"Sawa, mzee. Waite hao."

Akakata simu. Vijana wakaninunia, walishaona kazi imekwenda. Saa tisa usiku akapiga tena, akaomba nipunguze kidogo tu. Nikakubali, kwa sharti kwamba nusu ya malipo itumwe kwa M-Pesa kabla hatujapanda mti. Ikatumwa.

Wakati wa mvua miraa hujaa na bei huporomoka, na kila wakala analijua hilo. Hapo sigombani juu ya kiwango. Nashikilia ile nusu ya kabla ya kupanda mti tu. Mmoja wa vijana wangu sasa ana kundi lake Mutuati, na mawakala hujaribu kutushindanisha. Kabla ya kuwajibu, tunapigiana simu.