Maneno Yaliyo Nyuma ya Gari

Katika somo la vitenzi, wengi wetu hupenda kuwaonyesha wanafunzi jozi za maneno kama vile funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, bandika na bandua. Mwanafunzi huona mara moja jinsi kiambishi kidogo kinavyolipindua tendo zima. Jozi hii ya mwisho ina kazi ya mikono iliyojengwa juu yake, nayo ni kazi ya kutia maandishi na alama juu ya magari madogo ya mfano. Fundi wa kazi hii hana budi kubandua kwanza kisha kubandika, na kati ya matendo hayo mawili ana nafasi ndogo sana ya kubadili nia.

Vibandiko vitokavyo viwandani pamoja na vifaa vya kuunda magari ya mfano huchapwa juu ya utando mwembamba, na utando huo hulazwa juu ya karatasi iliyopakwa gundi iyeyukayo majini. Fundi hukata kibandiko karibu na ukingo wake, hukiweka katika maji ya vuguvugu kwa muda usiozidi nusu dakika, kisha hukitoa na kukingoja. Gundi ikiisha kulegea, kibandiko huteleza chenyewe. Hakiinuliwi kwa vidole, maana kitajikunja au kuchanika. Husukumwa taratibu kwa brashi kutoka kwenye karatasi hadi mahali pake, palipokwisha kulowanishwa. Hapo hukandamizwa kwa kitambaa, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili maji na hewa vitoke. Rangi isiyong'aa ina vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na hewa ikinaswa humo, utando huonekana kama umeingia ukungu mweupe. Ndiyo maana mafundi hupaka kwanza vanishi ing'aayo, hubandika, kisha hufunika kazi yote kwa vanishi nyingine.

Lakini kubandika ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni kuchagua. Tuchukue mfano wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Kadhalika Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na mwaka 1967. Umbo la gari huenda likawa lile lile, lakini namba, majina na matangazo ya mwaka mmoja si ya mwaka mwingine. Mtu akichanganya vibandiko vya miaka miwili, hata kama kila kimoja kimekaa sawasawa, atakuwa ameunda gari ambalo halijapata kuwako duniani. Basi fundi huanza kwa kujiuliza: gari hili ni la nani, na ni la siku gani?

Hapa Musaga, upande wa kusini wa Bujumbura, pale mji unapoanza kuukwea mlima, vijana hawangoji vifaa vya kiwandani. Huunda magari yao kwa waya, bati la makopo na maboksi, na magurudumu huyakata katika kandambili zilizochakaa. Gari lipendwalo kuigwa ni Toyota Hiace, kwa kuwa ndilo basi walijualo tangu utotoni. Mengi ya mabasi hayo yamefika kwetu kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi yake bado yana ubavuni maandishi ya Kijapani ya kampuni iliyoyamiliki zamani. Juu ya gari moja mpita njia huweza kuona Kijapani asichokisoma, jina la mtaa, sala ya Kirundi, neno la Kifaransa na methali ya Kiswahili. Mimi hufundisha Kiswahili, na kwa muda mrefu nimeyahesabu maandishi hayo kuwa sehemu ya vitabu vyangu vya kufundishia.

Mwaka 2024, petroli ilipoadimika sana nchini, mabasi mengi yalisimama kwa saa nyingi katika foleni za mafuta. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka 16, aliitumia nafasi hiyo kuyapima. Alikuwa amedhamiria kuunda Hiace moja tu, basi la baba yake. Baba huyo alikuwa dereva na mwenye gari. Katika machafuko ya mwaka 2015 aliliuza kwa haraka, akaichukua familia yake kuvuka mpaka, wakaishi katika kambi ya Nduta mkoani Kigoma. Huko ndiko kijana alikojifunza kupinda waya, na huko ndiko baba alikofariki kwa maradhi. Mama alirudi Musaga na watoto pamoja na picha moja ya basi lile.

Katika picha hiyo gari linaonekana kwa nyuma. Ni jeupe, na chini ya kioo pameandikwa maneno kwa herufi kubwa nyeusi. Baba amechutama mbele yake akicheka, na kichwa chake chenye kofia kimeziba sehemu ya maandishi. Yaliyosalia yanasomeka hivi: PORE PORE, kisha kichwa cha baba, kisha MWENDO.

Kijana alinijia na swali la kitaalamu. Alitaka kujua ni neno gani lililo nyuma ya kofia. Tulikaa tukapima. Upana wa Hiace ya namna ile ni milimita 1,690, na katika picha ulikuwa milimita 84 na nusu. Kwa hiyo picha ilikuwa imelipunguza gari mara 20. Kila herufi ya neno PORE, pamoja na nafasi yake, ilichukua milimita 3, na kati ya neno na neno palikuwa na milimita 2. Kutoka mwisho wa PORE ya pili hadi mwanzo wa MWENDO palikuwa na milimita 17. Tukiondoa nafasi mbili za maneno, zilibaki milimita 13. Neno NI lisingetosha kuijaza nafasi hiyo. NDIO, tukiipa herufi I milimita moja kwa wembamba wake, lingechukua milimita 10. NDIYO lilichukua 13 kamili. Tulimwuliza mama, naye bila kutazama picha akayatamka maneno yote kama alivyozoea kuyasikia: pore pore ndiyo mwendo.

Hapo, ndugu walimu, ndipo palipokuwa na kazi kwangu. Maandishi yale yana makosa mawili mbele ya Kiswahili sanifu. La kwanza ni herufi r mahali pa l. Kirundi hakizitenganishi sauti hizo kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, nacho huandika r. Basi Mrundi asemaye pole na mwenziwe asemaye pore huenda wasione tofauti yoyote. La pili ni la ngeli. Mwendo ni neno la ngeli ya M-MI katika umoja, na husema mwendo huu, mwendo uliopita. Kwa hiyo ni ndio, wala si ndiyo. Kosa hili la pili si la Warundi peke yao. Nimelisahihisha katika madaftari ya wanafunzi wa kila kabila, kwa kuwa ndiyo ya kukubali imezoeleka mno hata huzimeza ndugu zake zote.

Kijana alikuwa amenuia kulionyesha gari lake mbele ya wanafunzi wadogo siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai. Wenzangu wawili waliosikia habari hiyo walinishauri tuandike POLE POLE NDIO MWENDO. Hoja yao haikuwa dhaifu. Mtoto huamini kilichochapwa kuliko kilichosemwa, na shule yetu haina vitabu vingi vya kukanusha kosa likiisha kuingia machoni. Tena katika miji yetu wako bado watu wanaokidharau Kiswahili kwa kukiita lugha ya ujanja wa mjini. Kwa nini tuwape sababu nyingine ya kutucheka?

Nilitafakari upande wa pili. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilizihusu Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Urundi wakati huo ilikuwa chini ya Ubelgiji, nje ya mpango huo. Kiswahili cha Bujumbura, tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kilipokewa kwa masikio sokoni, bandarini na katika mtaa wa Buyenzi, wala hakikungoja kamusi. Mwandishi wa maneno yale alikuwa fundi aliyeandika alichokisikia, kwa herufi alizojifunza katika Kirundi. Tukiyafuta maandishi yake tunafuta ushahidi wa njia ambayo lugha yetu ilipitia kutufikia. Pamoja na hayo, sikuona kwamba ni haki yangu kuamua, kwa kuwa gari halikuwa langu.

Mama wa kijana ndiye aliyekata shauri. Nilimweleza habari ya l na r na habari ya ngeli, naye alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, wanafunzi wako wasahihishe. Marehemu usimsahihishe. Maneno yale aliyalipia, na akayaendesha miaka sita." Sikuwa na la kuongeza.

Basi tuliyanakili kama yalivyokuwa. Gari la kijana lilikuwa dogo mara 18 kuliko gari lenyewe, yaani lenye upana wa karibu milimita 94, na herufi zilikuzwa kidogo kutoka kipimo cha picha. Vibandiko vya kiwandani hatukuwa navyo. Tulivitengeneza wenyewe, na njia hii yafaa kwa shule yoyote iliyo karibu na mashine ya fotokopi. Kijana alichora herufi kwa wino mweusi, tukazipiga fotokopi. Juu ya nakala alibandika utepe wa plastiki usio na rangi, akausugua kwa mgongo wa kijiko, kisha akaviloweka vyote majini kwa dakika chache. Karatasi ikalegea, akaifikicha polepole kwa ncha ya kidole hadi ikaisha yote. Wino wa fotokopi ni unga wenye plastiki ulioyeyushwa kwa joto, nao hauyeyuki majini. Ulibaki umeng'ang'ania utepe. Wino wa maji wa mashine nyingine ungeoshwa wote. Mashine hizo hazina wino mweupe, kwa hiyo njia hii hutaka rangi nyeupe au nyepesi chini yake. Kwa bahati basi lenyewe lilikuwa jeupe.

Ubavuni aliandika MUSAGA. Hapo aligundua jambo ambalo sote huliona kila siku tusilitambue. Ubavu wa kushoto wa gari, jina huanzia upande wa dereva na kuishia nyuma. Ubavu wa kulia, huanzia nyuma na kuishia mbele, kwa kuwa sisi husoma kutoka kushoto tu, gari lielekee litakako. Kabla ya kugundua hilo alikuwa akidhani kibandiko kimoja hupinduliwa ili kifae pande zote mbili.

Siku ya maonyesho gari liliwekwa mezani, na kando yake lilifunguliwa daftari la kijana. Humo alikuwa ameandika methali kwa usanifu, pamoja na maelezo ya kila badiliko. Wanafunzi wa darasa langu la ngeli waliyaona makosa kabla hawajaambiwa, wakafurahi kama watu waliookota fedha. Mmoja wao alimwuliza kwa nini amejua kosa na bado akalibandika. Alijibu, "Gari ni la baba. Daftari ndilo langu." Nilisikia kwamba hata ndilo alilitia mahali pake.

Mwalimu atakayependa kuijaribu kazi hii na wanafunzi wake ahitaji utepe, bakuli la maji na nakala moja ya fotokopi. Awaache wanafunzi wachague gari walijualo, wanakili maandishi yake herufi kwa herufi, kisha wayaandike tena katika daftari kwa Kiswahili sanifu na kueleza tofauti. Mabishano kuhusu maneno yaishe kabla ya kufungua kopo la vanishi, kwa sababu vanishi ikikauka, kibandiko hakibanduki tena bila kung'oa na rangi. Kijana wetu aliipaka yake jioni moja uani, mama akiwa ameshika taa, na asubuhi yake gari lilipelekwa kukaa juu ya kabati, karibu na picha.