Kukata Kauli

Lugha yetu ina msemo mmoja wenye nyuso mbili. Mtu aliyeamua jambo kwa moyo thabiti husemwa amekata kauli. Na mgonjwa aliyelala kitandani asiweze tena kutamka, naye husemwa amekata kauli. Yamkini wazee waliotuachia msemo huu walijua kwamba baina ya maana hizo mbili siku si nyingi, na kwamba mwenye busara huitimiza ya kwanza kabla ya pili kumfika.

Mimi ni mtunzi na mfasiri niliyejifunza kazi hizo pasi na mwalimu. Mikononi mwangu hupita tenzi, na hupita pia vyeti vya ndoa na hati za mirathi, kwani tenzi hazinunui mchele. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu aishiye London aliniletea hati ya Kiingereza, niifasiri ili baba yake, mjomba wangu wa Makurunge, apate kuisoma. Ndani yake binamu alimpa mumewe mamlaka ya kusimamia fedha na nyumba yake, ila kwa sharti: mamlaka hayo yalale, yasiamke mpaka siku atakapopotewa na uwezo wa kujiamulia.

Kazi ilinikwamisha kwenye neno. Tunao wasia, nao huanza kazi mtu akiisha kufa. Tunao uwakili, nao hutumika mtu akiwa hai na akili zake timamu. Lakini kwa yule ambaye yu hai ilhali akili imetangulia safari, sikuliona neno. Nikaandika "uwakili wa akiba". Mjomba aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mpwa wangu, nami niandikie kama hii."

Alikuwa na sababu. Makurunge iko kaskazini ya mji wa Bagamoyo, panapoanzia njia ya Saadani na Pangani hadi Tanga. Wasomaji wa visiwani wataikumbuka kwa RAZABA, ranchi ya ng'ombe ya Serikali ya Zanzibar. Leo upande huo kunalimwa miwa ya kiwanda cha sukari. Mashamba ya minazi na mikorosho yaliyokuwa urithi tu sasa yana bei, na ardhi yenye bei huvuta hata jamaa ambao hawakuja kuzika.

Tulikwenda kwa wakili, naye hakutuzungusha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, inasema kwamba uwakala hukoma aliyeuweka anapokufa au anapopotewa na akili. Kwa hiyo hati aliyoitaka mjomba ingekufa siku ileile iliyopangiwa kuzaliwa. Uingereza nako ndivyo ilivyokuwa, hadi sheria ya 1985 iliporuhusu uwakili uvuke mpaka huo. Tangu Oktoba 2007, chini ya Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, hati ya namna hiyo haitumiki mpaka isajiliwe katika ofisi ya serikali, na sharti awepo mtu wa kuthibitisha kwamba mwenye kuitoa anaelewa atendalo na hakushurutishwa. Kwetu, akili ikishaondoka, njia ni mahakama: Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaipa uwezo wa kumteulia mgonjwa msimamizi wa mali yake. Ni njia njema, lakini msimamizi huyo ni chaguo la mahakama, si la mgonjwa.

Mjomba, aliyekaa darsani ujanani mwake, hakushangaa. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa pwani yetu yote, uwakili hautundikwi kwenye sharti. Yajuzu kumweka wakili leo na kumpangia lini atende. Lakini wazimu, hata kuzimia, humuuzulu. "Wakili ni kivuli, mwanangu," alisema. "Mtu akilala, kivuli nacho hulala."

Basi akafanya lililobaki. Baada ya sala ya alasiri aliwaita barazani wanawe, imamu na wazee wa halmashauri ya kijiji. Akasema kwamba shamba lisiuzwe maadamu anavuta pumzi, na kwamba binti yake mkubwa alitunze, mazao yamnunulie dawa. Niliandika, wote wakatia saini. Haikuwa hati ya uwakili; ulikuwa ushahidi wa kauli yake.

Mwaka wa pili kiharusi kilimwangusha, na ulimi ukanyamaza. Siku moja akaja jamaa na mnunuzi, karatasi na kibati cha wino. Waliuinua mkono wa mzee, maana dole gumba halihitaji akili ili kuacha alama. Binti akaufunika kwa wake, akasema, "Baba alishasema." Mnunuzi alipoambiwa kwamba ardhi ya hakimiliki ya kimila haihami bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na kwamba waketio humo ndio walioisikia kauli ile, alifunga kibati chake akaenda zake.

Sheria ileile ya mikataba ina kifungu ambacho wachache hukitaja: uwakala unapokoma kwa kifo au kwa akili kupotea, wakili bado analazimika kuchukua hatua za busara kuyalinda maslahi aliyokabidhiwa. Mamlaka yamekufa, amana haijafa. Kwangu mimi hapo ndipo watunga sheria wetu wangeanzia, wa Bara na wa Visiwani, ili mzee mwenye fahamu zake aweze kumchagua mwenyewe mlinzi wake, mbele ya mashahidi na kwa usajili, wala asitegemee bahati ya kuwa na binti jasiri na majirani wenye kumbukumbu.

Neno nililolibuni bado halina makao katika sheria zetu. Nalitoa hapa kwa wasomaji, na mwenye bora kuliko hilo alilete.