Amana za Pwani Katika Mtaa wa Tena

Msafiri anayeshuka stesheni ya Syokimau kwa treni ya Mombasa hana safari ndefu hadi Tena. Ataifuata Barabara ya Outer Ring, aipite Donholm, kisha aingie Barabara ya Manyanja. Nyumba zimesongamana, ghorofa zimepandishwa juu ya zile za awali, na nguo zimeanikwa kutoka roshani hadi roshani. Hakuna kinachomdokezea mgeni kwamba nyuma ya baadhi ya milango hiyo wanaishi watu wa Mombasa, Lamu na Malindi, waliohamishwa na kazi, ndoa na masomo ya watoto.

Tulikwenda huko kuwasaidia jamaa zetu kuandaa ombi la ruzuku. Wamehifadhi picha, barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kanda za kaseti zilizorekodiwa katika harusi za pwani. Kanda haidumu: hushika ukungu, hunata na kukatika, na redio za kuzichezea zimeadimika. Wengi wa walioimba wameshatangulia mbele ya haki. Kikipotea kilichomo, hapana wa kuulizwa.

Mfano hauko mbali. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa ufadhili wa Endangered Archives Programme ya Maktaba ya Uingereza, mpango ulioanza mwaka 2004. Asili haihamishwi nje ya nchi. Kinachosafiri ni nakala. Lakini mpango huo hushughulikia zaidi nyaraka za kale. Kwa mali ya karne ya 20, kama kaseti, upo mwingine wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulioanzishwa mwaka 2018. Basi mwombaji asome kwanza masharti, ajue ni mlango upi unaofunguliwa kwa alicho nacho.

Baada ya hapo kazi ni kuhesabu. Tulifungua sanduku moja baada ya jingine, tukaandika kila kitu: ni nini, kina hali gani, ni cha nani, kinakaa wapi. Bajeti ilitokana na orodha hiyo: vifaa vya kunakili, diski za kuhifadhia, nauli, na ujira wa watakaosikiliza na kuandika maelezo. Mfadhili hashawishiwi na sifa za utamaduni wetu. Hutaka kujua kanda ni ngapi, na nani atabaki kuzitunza fedha zikiisha.

Palipokuwa pazito ni penginepo. Wafadhili wa aina hii hutaka nakala ziwekwe wazi kwenye intaneti. Nyingi ya kanda zile ni za vugo, na vugo ni la wanawake. Walioimba waliimba faraghani, wakijua hapana mwanamume anayesikiliza. Bibi mmoja alituuliza ni nani aliyewaomba ruhusa waimbaji hao, na chumba kizima kikanyamaza.

Swali lake lina nguvu ya sheria pia: sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za jamii inadai ridhaa ya wenyewe kabla ya wengine kuzitumia. Kwetu sisi hilo ni jambo la amana tangu zamani.

Walishauriana hadi magharibi, kisha wakagawa mali mafungu matatu. Barua na picha ambazo wenyewe wameridhia zitaingia katika ombi. Vugo ambazo waimbaji wake wangali hai zitasubiri kila mmoja aulizwe. Zilizobaki zitanakiliwa kwa mchango wa familia, zisikilizwe na wanawake wa nyumba hizo tu. Fedha zitakazoombwa zimepungua sana, lakini ombi lenyewe limekuwa la kweli.

Wasomaji wetu wa pwani wana sehemu yao katika kazi hii. Mwenye mama, shangazi au nyanya aliyewahi kuimba katika harusi hizo amuulize angali yupo: sauti yake isikiwe na nani? Jibu liandikwe, litiwe tarehe, na lihifadhiwe pamoja na kanda.