Pizza ya Kibokoni, mkate unaopikwa ukiutazama

Mpenzi msomaji, ikiwa una watoto wa shule nyumbani, bila shaka neno 'pizza' umelisikia wiki hii si chini ya mara tatu. Mimi nililisikia hata kabla wageni wangu hawajaweka mizigo chini. Wifi yangu alipokuja kututembelea kutoka Nakuru pamoja na wanawe watatu, yule mkubwa, mwenye umri wa miaka 12, aliruka kutoka kwenye tuktuk, akaniamkia, kisha papo hapo akanikumbusha maneno niliyomwambia kwa simu: "Shangazi, ulisema nikifanya vizuri mtihani utanipeleka kula pizza Mombasa."

Ahadi ni deni. Basi leo nataka tufuatane, mimi nawe, kisiwani Mombasa hadi Mji wa Kale, tukiitafuta hiyo pizza. Nitakusimulia tulivyopokewa, nawe ukija na familia yako utajua la kufanya.

Pizza yenyewe asili yake ni mji wa Naples, Italia. Wapishi wa huko wanaionea fahari hata ufundi wao wa kuipika ukaingizwa mwaka 2017 katika orodha ya UNESCO ya turathi za utamaduni. Huku kwetu Pwani haikuanza jana. Katika miaka ya 1960 Wataliano walijenga kituo chao cha San Marco karibu na Malindi, na mwaka 1967 wakarusha satelaiti kutoka baharini huko. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye hoteli na wenye mikahawa, hadi leo ukienda Malindi au Watamu utawakuta vijana wa Kigiriama wakizungumza Kitaliano kama waliozaliwa Roma. Siku hizi hata kisiwani Mombasa hukosi pa kula pizza.

Tulikwenda kwenye mkahawa mmoja wa mjini. Sitautaja. Viti vilikuwa vizuri, upepo wa mashine ulituburudisha, na watoto waliipitia orodha ya vyakula kana kwamba wanasoma hadithi. Tukaagiza pizza moja kubwa ya kuku. Tulingoja muda wa saa nzima na robo. Hilo si neno, kwani chakula kizuri hungojewa. Ilipoletwa, juu yake hapakuwa na kuku. Palikuwa na vipande vyekundu vya mviringo, vimekatwa vyembamba kama sarafu.

Sasa, msomaji, huenda unavijua vipande hivyo. Huitwa 'pepperoni', na huko Marekani vilikotoka kwa kawaida hutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe iliyochanganywa na ya nguruwe. Katika miji ya Waislamu hutengenezwa vya ng'ombe peke yake. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Sisi ni Waislamu, na katika mji huu hata asiye Mwislamu anafahamu kwamba swali la nyama haliulizwi kwa utani. Nikamwita weita, kijana mwenye sura ya upole, nikamwuliza ile ni nyama gani. Akacheka. "Mama, hiyo ni nyama tu ya pizza." Nikamwomba aende jikoni akaulize. Akaenda, akarudi, akasema mpishi amesema ni sawa. Sawa kwa vipi? Hakujua.

Mtoto alikuwa tayari ameinua kipande chake. Nikakitoa mkononi mwake, nikakirudisha kwenye sahani. Hakulia, maana amekua, lakini uso wake nilivyouona nisingependa kuuona tena. Tulilipa. Naam, kila senti tulilipa, maana sikuwa na nguvu ya kugombana mbele ya watoto. Pizza tukaiacha mezani nzima, isipokuwa kile kipande kilichoinuliwa.

Nikiwa mkweli, niseme pia kwamba wiki mbili baadaye niliingia peke yangu katika mkahawa mwingine wa pizza, nikauliza swali lile lile. Binti aliyekuwa akihudumu hakucheka. Alimwita mpishi, naye akatoka na pakiti yenyewe mkononi, akanionyesha palipoandikwa kuwa ni nyama ya ng'ombe na palipopigwa chapa ya halali. Lilichukua dakika mbili. Kwa hiyo usinielewe vibaya, ugomvi wangu si na pizza.

Siku ile hatukuweza kurudi nyumbani na nyuso zile. Tukashuka kwa miguu hadi Ngomeni, yaani Fort Jesus. Wakati watoto wakipanda juu ya mizinga, nikamwonyesha yule mkubwa kuta zile nene na kumwambia kwamba ingawa Wareno ndio walioamuru zijengwe kuanzia mwaka 1593, aliyechora ramani yake alikuwa Mtaliano wa Milan, Giovanni Battista Cairati. UNESCO waliitambua ngome hiyo mwaka 2011. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama huyo Mtaliano hakuacha pizza yoyote humo ndani. Nikajua moyo umeanza kumtulia.

Kutoka Ngomeni unaingia Ndia Kuu. 'Ndia' ni 'njia' kwa Kimvita, kwa hiyo usitafute maana ya mbali. Tembea polepole. Tazama milango ya nakshi, tazama roshani za mbao zinazokaribia kugusana juu ya kichwa chako, na uwapishe wenye mikokoteni, kwa kuwa wao hawakupishi. Jua likianza kupoa, kata uingie Kibokoni. Hapo pua yako itakuongoza yenyewe, kwani viazi karai vinakaangwa huku, mishkaki inachomwa kule, na mahali fulani samli imeungua kidogo. Hiyo samli ndiyo tuliyoifuata.

Tulimkuta mzee amevaa kikoi na kofia ya viua, mbele yake jiko la makaa na chuma kipana cha kukaangia. Watoto wakamwamkia shikamoo. "Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni kitako. Wataka mingapi, mama? Na hawa wana, pilipili waiweza?"

Chakula chenyewe ni mkate mayai. Sikiliza vizuri, nimesema mkate mayai. Ukiongeza 'wa' katikati ukasema mkate wa mayai, utaletewa kitu kingine kabisa, ule mkate laini wa sukari unaofanana na keki ambao akina mama huuoka nyumbani. Huu wa mzee ni wa chumvi. Donge la unga wa ngano lililolala ndani ya mafuta hutandazwa juu ya ubao kwa viganja, likavutwa na kuvutwa mpaka unaona mbao chini yake. Halafu hutupwa juu ya chuma. Katikati huwekwa nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa kwa thomu, tangawizi na bizari, juu yake kitunguu na kotmiri, kisha yai huvunjwa na kusambazwa. Pande nne hukunjwa kama bahasha, mkate ukageuzwa, ukakaangwa hadi rangi ya dhahabu, ukakatwa vipande na kuletwa na ndimu na pilipili ya ukwaju.

Mteja mmoja akapaza sauti, "Mzee, wangu mtie kima kingi!" Wifi yangu akanikazia macho. Huko Nakuru kima ni yule mnyama wa msituni. Ikanibidi nimweleze harakaharaka, kabla hajawanyanyua wanawe, kwamba sisi watu wa Pwani nyama ya kusaga huiita kima, neno lililotoka Bara Hindi, na kwamba hakuna nyani yeyote aliyedhurika.

Tuliketi kwenye benchi na wateja wengine. Nawe ukifika, usikae mbali, kaa hapo karibu na moto, maana nusu ya utamu ni kuwasikiliza. Fundi seremala alitaka wake ukauke mpaka uvunjike. Mama mmoja alitaka mayai mawili bila kitunguu, kwa kuwa mumewe tumbo halimwachi. Msichana mdogo alitumwa na sinia lililofunikwa kawa, akataja maagizo manne tofauti bila kukosea, na mzee akayashika yote kichwani. Hakuna aliyepewa karatasi yenye orodha. Kila mtu aliuona mkate wake tangu ukiwa donge.

Ndipo yule mwanangu wa Nakuru akasimama, akaenda mpaka karibu na jiko, akauliza kwa sauti ndogo: "Babu, hii nyama ni ya nini?"

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumwita arudi. Lakini mzee aliweka chini mwiko wake, akafunua sufuria, akaiinamisha mtoto aone mpaka chini. "Ni ya ng'ombe, mwanangu. Nimeinunua Marikiti asubuhi, nyumbani kwangu ikapikwa. Nusa." Mtoto akanusa. Mzee akamngojea amalize kunusa, ingawa wateja walikuwa wanasubiri. Kisha akamwuliza, "Nikutie?" Alikula mikate miwili na nusu. Sisi sote watano tulikula, tukanywa sharubati, tukafunga mmoja wa kwenda nao nyumbani, na bado hatukufikia bei ya ile pizza moja tuliyoiacha mezani.

Wakati tukila walipita watalii wawili. Mwanamume akanyosha kidole, akasema kwa furaha, "Pizza!" Wakapiga picha, wakaenda zao bila kununua. Mzee akaniambia mwanawe anamhimiza aandike neno hilo kwenye ubao, kama walivyofanya Unguja. Kweli, ukienda Unguja kwenye bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, utakuta vijana wenye kofia nyeupe wanapika ndugu ya mkate huu, nao wameubatiza pizza ya Zanzibar. Humo hutia jibini, hutia mayonezi, na kwa mwenye kupenda hutia ndizi na chokoleti. Ule wa chokoleti niliuonja mara moja, yatosha. Lakini wanauza, tena wanauza sana.

Nilimwambia mzee asibadilishe. Nikamweleza kwamba pizza ina wenyewe, na mkate huu nao una ukoo wake: Yemen na Hijazi huuita mutabbaq, yaani uliokunjwa, na kwa jina linalofanana na hilo unaliwa mpaka Malaysia na Singapore. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa ubao wake. "Mama," akasema, "wewe waja mara moja kwa mwezi. Mgeni akisoma mkate mayai hajui ni kitu gani, apita. Nami nina kodi ya nyumba." Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sijalipata.

Ukitaka kwenda, nenda baada ya alasiri, kwa sababu mchana hutawakuta. Mwezi wa Ramadhani mchana ni kimya, lakini baada ya magharibi mtaa wote hugeuka jiko. Vaa nguo za heshima, beba noti ndogo au simu yenye M-Pesa, na uulize bei kabla hujaagiza, hapa na popote. Kama umekuja kwa treni ya SGR, kumbuka kwamba kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa, hivyo usingoje dakika ya mwisho kuondoka mezani.

Siku moja kabla ya kurudi Nakuru nilimwuliza yule mtoto kama bado ana hamu ya pizza, maana deni langu sikulihesabu kuwa limelipika. Akasema anataka ile ya babu. Tukaenda. Kwenye ukuta nyuma ya jiko palikuwa pameegemezwa ubao mpya uliopakwa rangi nyeupe, na mzee alikuwa bado hajaandika kitu juu yake.